Shekhar Mehta: alifukuzwa Uganda, akashinda Safari Rally mara tano

Mtu mwenye kutoka Ntoto kuelekea Masisi ao Walikale wakati wa mvua hana lazima ya kuelezwa barabara mbaya ni nini. Motari anaijua kwa mgongo wake. Shofere anaijua siku amortisere inapotoa mafuta na gari inaanza kuruka kama mbuzi. Na vijana wa garaji siku hizi wanaona katika simu zao miguu mipya ya gari, ile ya resori kuzunguka amortisere, yenye pete za kuzungusha ili gari ipande ao ishuke, na juu yake sahani ya chuma yenye kusogezwa ili gurudumu lisimame wima ao liiname. Wengi wanafikiri ni kitu cha vijana wa Ulaya wenye kupenda kushindana kwenye lami. Lakini gari iliyojulisha sana mguu wa namna hiyo hapa Afrika ya mashariki ilipita katika matope, na mtu aliyeiendesha alizaliwa Kampala, ng'ambo tu ya mpaka.

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza. Jamaa yake walikuwa Wahindi wa Uganda, watu wa mashamba na biashara. Hakukua katika shida ya franga, na haifai kuficha jambo hilo, juu mchezo wa rali unakula pesa nyingi kabla haujaleta hata kidogo. Alianza kushindana kijana, mwaka 1966, akiwa na BMW.

Wakati huo kila dereva wa eneo hili alikuwa na ndoto moja: Safari. Rali hiyo ilianza mwaka 1953, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilifanyika siku za Pasaka, na kila mkaaji wa huku anajua Pasaka ni wakati gani wa mvua. Karibu kilomita 5000 kwa siku chache tu, usiku na mchana, na barabara haikufungwa kwa ajili ya washindani: unaweza kukuta ng'ombe, lori ao mama mwenye mzigo kichwani. Magari mengi yalianza na machache yalirudi.

Mwaka 1971 Mehta alikuwa karibu sana. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekaa Kenya, alishinda na Datsun 240Z, na Mehta akawa wa pili na gari ya namna ileile. Wajapani wa Datsun wakaona kwamba kijana wa Kampala anajua kufikisha gari.

Kiisha ikaja 1972. Mwanzoni mwa mwezi wa Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wanapaswa kutoka Uganda, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa kule, waliojenga kule, wenye makaburi ya wazee wao kule, wakafunga masanduku. Jamaa ya Mehta nao wakaacha mali na kukimbilia Kenya. Hapa Masisi na Walikale hadithi ya kuacha nyumba na shamba na kuondoka na kile mkono unaweza kubeba haihitaji maelezo. Tofauti ni kwamba Mehta alikuwa na pa kufikia, na alikuwa na usukani.

Kutoka mwisho wa siku zile 90, mwezi wa Novemba, mpaka Pasaka ya 1973, ni miezi mitano tu. Katika miezi hiyo mtu aliyepoteza nchi yake alipaswa kujitayarisha kwa rali ngumu kuliko zote. Mwaka huo ulikuwa pia wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa ya nne katika hesabu, baada ya Monte Carlo, Sweden na Ureno.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye gari yenyewe. Datsun 240Z ilikuwa gari ya watu wawili, mashini ya silinda sita mbele, lita 2.4. Chini yake kila gurudumu lilibebwa na mguu wake peke yake: amortisere imesimama, resori imeizunguka, na juu mguu umefungwa kwenye bodi kwa nati tatu. Mbele na nyuma namna moja. Mtindo huo wa mbele unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, muhandisi wa Marekani aliyefanya kazi General Motors na baadaye Ford. Leo uko chini ya Corolla, RAV4 na motokari nyingi ndogo zenye kupita Goma. Land Cruiser za kazi, zile zenye ekseli nzima mbele, hazimo.

Uzuri wa mguu huo ni kwamba vipande ni vichache, na gurudumu linapanda na kushuka mbali. Ubaya wake ni kwamba pigo la shimo linapanda moja kwa moja mpaka pale juu, kwenye zile nati. Chuma cha bodi kikiwa dhaifu kinapasuka pale. Ndiyo maana magari ya Safari yalisudiwa na kuongezwa nguvu kabla ya kushindana, na mekanisye walingojea njiani na vipuri. Amortisere ikipigwa masaa mengi, mafuta ndani yanachemka na kuwa mepesi, hayazuii tena resori, na gari inaanza kudunda. Dereva mwenye akili anasikia jambo hilo katika matako yake kabla ya kuliona.

Kuna kitu kingine. Ile 240Z, jinsi ilivyotoka kiwandani, haikuwa na nafasi ya kurekebisha mwinamo wa gurudumu. Ukiipandisha kwa resori ndefu ili ipite mawe, magurudumu ya mbele yanataka kufunguka juu, na pine inalika upande wa inje. Ukiishusha, yanaingia juu, na pine inalika upande wa ndani. Ndiyo kazi ya sahani zinazouzwa leo: kichwa cha mguu kinakaa ndani ya tundu refu, unalegeza bulo, unakivuta kuelekea mashini ao unakisukuma inje, kiisha unakaza. Kidogo tu kinabadilisha namna pine inavyokanyaga.

Wapenzi wa 240Z, mpaka leo, wanafanya kazi hiyo katika garaji zao pande nyingi za dunia, na haiko kazi ya kufungua na kufunga tu. Gari inawekwa juu ya vyuma imara, hapana juu ya jeki peke yake. Mpira wa breki unatolewa kwenye mguu ili usikatike, bulo za chini zinafunguliwa, kiisha zile nati tatu za juu. Nati ya katikati haiguswi mpaka resori imebanwa kwa vifaa vyake; resori yenye nguvu ikiruka inaweza kuua mtu. Kisha kiti cha zamani cha resori kinakatwa kwenye bomba, pete mpya inasudiwa kwa kipimo kimoja kushoto na kuume, na bomba lenye meno linavishwa juu yake. Hapo resori nyembamba zaidi inakaa, na pete ya kuzungusha inaamua urefu. Kwa sahani, mara nyingi tundu la juu la bodi linapaswa kukatwa lipanuke. Mtu akikata chuma hicho hawezi kukirudisha. Na akimaliza bila kupanga magurudumu upya, atakuwa amelipa franga ili ale pine.

Tena sahani nyingi hazina mpira wa kupoza pigo; ni chuma juu ya chuma. Kwenye lami dereva anafurahi, usukani unajibu upesi. Kwenye njia ya Masisi pigo lote linaingia katika bodi, na gari iliyoshushwa inakosa nafasi ya gurudumu kupanda. Anayetaka vitu hivyo hapa kwetu atafute miguu mirefu ya rali, ao aache pesa yake mfukoni.

Mehta hakushinda Pasaka ile ya 1973 kwa kupita wote mbio. Akiwa na Lofty Drews pembeni yake akisoma njia, alifika Nairobi na hesabu sawasawa kabisa na Harry Källström wa Sweden, naye katika Datsun. Baada ya maelfu ya kilomita, hakuna tofauti. Wasimamizi wakaangalia nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata kosa la kwanza. Alikuwa Mehta. Mtu aliyetunza gari tangu mwanzo ndiye aliyepewa kombe. Kwa jamaa iliyofukuzwa miezi michache mbele, ushindi huo ulikuwa pia karatasi ya kuonyesha kwamba wamefika mahali.

Miaka sita ikapita bila kushinda tena. Joginder Singh, mwana wa Kericho na fundi wa kweli, alichukua Safari mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Wengine wangekata tamaa, ao wangehamia rali za Ulaya kabisa. Mehta alirudi kila mara.

Mwaka 1979 alikuja na Datsun 160J, gari ya milango minne, sawa taksi. Mbele miguu ileile ya amortisere na resori. Nyuma ekseli moja nzima, kitu rahisi chenye kutengenezwa njiani. Mercedes walileta 450 SLC zenye mashini ya lita 5, na Hannu Mikkola kwenye usukani. Mehta na Mike Doughty walikuwa na mashini ndogo sana kuliko hiyo, na wakashinda. Mikkola akawa wa pili. Mwaka 1980 Mehta akashinda tena, na 1981 tena, Rauno Aaltonen wa Finland akiwa wa pili mara zote mbili, naye katika gari za kampuni ileile ya Mehta.

Mwaka 1982 alipambana na Walter Röhrl, Mjerumani ambaye mwisho wa mwaka huo alikuwa bingwa wa dunia. Röhrl alikuwa na Opel Ascona 400. Mehta alimwacha nyuma. Mara nne mfululizo, na ukiongeza ile ya 1973, mara tano. Hakuna dereva mwingine aliyefika hesabu hiyo katika Safari ya ubingwa wa dunia.

Katika rali nyingi bibi yake, Yvonne, ndiye aliyekaa kiti cha pembeni na kumsomea njia. Kuwa bwana na bibi ndani ya gari yenye kuruka usiku mzima, mmoja akisema kata kushoto na mwingine akikata bila kuuliza: watu wa ndoa watapima wenyewe.

Mwaka 1987 katika rali ya Pharaons, jangwani Misri, Peugeot yake ilipata ajali mbaya. Aliumia sana, na mashindano yakaishia hapo. Hakuacha mchezo, aliingia katika FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, akawa mkuu wa kamati ya rali, mtu wa kuamua kanuni ambazo zamani alizifuata.

Safari yenyewe ikatoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002. Mehta alikufa London tarehe 12 Aprili 2006 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 60. Wakati rali ya dunia iliporudi Kenya mwaka 2021, kwenye vumbi la Naivasha, alikuwa amelala miaka 15.