Gakaara wa Wanjaũ: Mpiga Chapa wa Karatina na Maoni ya Umma

Mji wa Karatina, ulioko kusini mashariki mwa Nyeri chini ya Mlima Kenya, hujulikana na wengi kwa soko lake la mboga, viazi na nguo kuukuu. Si wengi wanaokumbuka kwamba katika mji huohuo palikuwapo matbaa ndogo iliyochapisha hadithi, nyimbo na majarida kwa lugha ya wenyeji. Mwenye matbaa hiyo alikuwa Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi aliyefungwa bila kesi kwa miaka saba kwa sababu ya maandishi yake. Maisha yake yanazua suala ambalo wataalamu wa sayansi ya siasa hawajachoka kulijadili: serikali hujuaje wanayoyafikiri watu inaowatawala, na hutokea nini inapokataa kujua?

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika wilaya ya Nyeri. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri, na kwa hiyo mtoto alikulia katika mazingira ya misheni ya Tumutumu, iliyoanzishwa na Waskoti mwaka 1908. Huko Tumutumu kusoma na kuandika kulikwenda sambamba na katekisimu. Watoto walijifunza herufi ili waisome Biblia, na sala na kanuni za imani wakazihifadhi moyoni. Mafunzo hayo yalikuja kumfaa Gakaara baadaye kwa namna ambayo walimu wake hawakuikusudia.

Kutoka Tumutumu alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance, lakini masomo yake yalikatizwa mwaka 1940 kufuatia mgomo wa wanafunzi. Aliingia katika jeshi la Uingereza akawa karani, akahudumu Ethiopia wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kama ilivyokuwa kwa askari wengi wa Kiafrika, vita vilimfumbua macho. Alikuwa ameitumikia dola iliyodai kupigania uhuru wa mataifa, lakini aliporudi nyumbani alikuta kipande na ubaguzi wa rangi, na ardhi bado ikiwa mikononi mwa walowezi.

Karatina yenyewe ilikuwa na kisa chake. Wakati wa vita serikali ilijenga hapo kiwanda cha kukausha mboga za kulisha majeshi, na wakulima wa Nyeri wakahimizwa kulima kwa wingi. Vita vilipomalizika, kiwanda kikafungwa. Wakulima waliokuwa wamezoea kipato hicho hawakuwa na njia ya kuifanya sauti yao iathiri uamuzi huo. Ikumbukwe kwamba Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944 kwa kuteuliwa na gavana, na kwamba Waafrika hawakuwachagua wawakilishi wao kwa kura hadi mwaka 1957. Hapakuwa na kura za maoni wala sanduku la kura. Mtu aliyetaka kujua mawazo ya wananchi ilimbidi ayatafute sokoni, garini, katika nyimbo, na katika vijitabu vilivyouzwa kwa senti chache.

Gakaara aliamua kuingia katika uwanja huo wa vijitabu. Mwaka 1946 yeye na wenzake waliunda kampuni ya waandishi wa Kiafrika, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kuhusu masuala ya posa na mahari. Mwaka 1948 alitoa kijitabu kwa lugha ya Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Uteuzi wa lugha hapa unastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Kigikuyu kilimfikisha kwa watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu, ilhali Kiswahili kilimfikisha kwa makarani, vibarua na wafanyakazi wa reli waliotoka kila pembe ya nchi. Kijitabu hicho kilimhimiza Mwafrika ajiamini, afanye kazi kwa bidii na asikubali kudunishwa. Mwaka 1952, hali ya kisiasa ilipokuwa imechacha, alikitoa tena kwa Kigikuyu, kwa jina lililotokana na methali inayosifu kujaribu bila kukata tamaa.

Mwaka huo wa 1952 ndio aliotoa maandishi yake yaliyoitia serikali hofu kuliko mengine yote. Witikio wa Gĩkũyũ na Mũmbi uliigwa muundo wa Kanuni ya Imani ya Mitume, ileile ambayo kila mwanafunzi wa Tumutumu aliijua kwa moyo. Mahali pa mafundisho ya kanisa paliwekwa imani katika asili ya Wagikuyu, ardhi yao na viongozi wao. Mtoto wa mchungaji alikuwa ametwaa chombo cha misheni na kukitia maudhui mapya. Msomaji hakuhitaji kufafanuliwa. Mahadhi aliyajua tangu utotoni, na alichokisikia sasa kilikuwa kile alichokuwa akikinong'ona jikoni kwake.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Katika msako wa usiku huo Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Majarida na vijitabu vya lugha za wenyeji vilipigwa marufuku. Kwa kufanya hivyo serikali ilijinyima ushahidi bora kabisa wa mawazo ya raia wake. Badala ya kuvisoma vijitabu hivyo ili ifahamu manung'uniko kuhusu ardhi, mishahara na uwakilishi, ilimwomba daktari wa magonjwa ya akili, J. C. Carothers, aeleze chanzo cha vuguvugu hilo. Ripoti yake ilichapishwa na serikali mwaka 1954. Maoni ya umma yakageuzwa ugonjwa, na sera zikawa tiba ya ugonjwa huo: kambi za kizuizini, maungamo, na kuhamishwa kwa watu wapatao milioni moja katika vijiji vya kulazimishwa, Nyeri ikiwamo.

Gakaara alipelekwa kwanza Kajiado, kisha katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Kambi hiyo ilikuwa Takwa, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. Huko, kando ya mikoko, mtu wa milimani aliweka shajara kwa siri. Aliandika kuhusu chakula, kazi za sulubu, mabishano ya wafungwa na barua za nyumbani. Mkewe, Shifira Wairire, naye alitiwa kizuizini. Kuandika shajara kulikuwa hatari, lakini Gakaara alitambua kwamba kumbukumbu zisipohifadhiwa na wafungwa wenyewe, historia ingeandikwa na walinzi wao pekee.

Baadaye alihamishiwa kambi ya Athi River, na hapo maisha yake yanaingia katika sura iliyo ngumu kuhukumu. Athi River ilikuwa kitovu cha mpango wa kuwarekebisha wafungwa. Gakaara alikubali kushirikiana na mpango huo, akatunga michezo ya kuigiza kambini. Kalamu iliyofungiwa kwa sababu ya kuyatia nguvu maoni ya watu sasa ilitakiwa iyageuze. Wapo watakaouona ushirikiano huo kuwa usaliti. Wengine watauona kuwa ni hila ya mfungwa aliyetamani kurudi kwa watoto wake. Jambo lililo wazi ni kwamba serikali ilikuwa imekiri, kwa vitendo, nguvu ya neno lililoandikwa kwa lugha ya watu. Iliyoshindwa kuikubali ni hoja yenyewe ya watu hao.

Aliachiliwa mwaka 1959. Baada ya uhuru alijenga makao yake Karatina, akaendesha matbaa na duka la vitabu. Alitoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi, na mfululizo wa visa vya Wa-Nduuta, mhusika mcheshi ambaye kupitia kwake wasomaji walizitazama taabu za miaka ya vita na vituko vya miaka ya uhuru. Aidha, alishughulikia masuala ya tahajia ya Kigikuyu, kwani aliamini kwamba lugha isiyoandikwa vizuri haiwezi kubeba fikra nzito.

Wakati huo wasomi nao walianza kulipinga lile wazo la ugonjwa. Mwaka 1966 mtaalamu wa sayansi ya siasa Carl Rosberg, akishirikiana na John Nottingham aliyekuwa afisa wa wilaya wakati wa ukoloni, alitoa utafiti ulioonyesha kwamba Mau Mau ilikuwa zao la siasa za utaifa na la sera zilizoziba njia zote halali za kutoa maoni. Hitimisho hilo lilikuwa jipya vyuoni. Sokoni Karatina halikuwa jipya hata kidogo.

Shajara ya Gakaara ilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1983, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika, aliyoigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1988. Hata hivyo, sifa hizo hazikumkinga. Mwaka 1986, serikali ya Kenya huru ilipokuwa ikiwasaka waliodhaniwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, mzee huyo wa miaka 65 alikamatwa tena. Bendera ilikuwa imebadilika, lakini hofu ya kijitabu ilikuwa ileile.

Gakaara wa Wanjaũ alifariki mwaka 2001. Hakuwa mtafiti wa chuo kikuu, wala hakukusanya takwimu. Alichofanya ni kusikiliza yaliyosemwa katika lugha za watu na kuyapiga chapa, yakasomwa hata na wale ambao hawakupenda kuyasikia. Serikali ya kikoloni ilikuwa na majasusi, machifu na madaktari wa akili, lakini ilishangazwa na vita ambavyo chanzo chake kilikuwa kikiuzwa hadharani kwa senti chache. Kwa wanaosoma fasihi za lugha za Kiafrika, funzo lake ni zito: vijitabu duni vya masokoni, ambavyo mara nyingi havipewi nafasi katika silabasi, huenda vikawa ndivyo hansadi ya wale wasiokuwa na bunge.