Daktari Aliyezijua Njia za Damu Ndani ya Ini

Mswahili akiumizwa sana na neno husema amekatwa maini. Na kweli, ini si kiungo cha kuchezewa kwa kisu. Limejaa damu, na mpasuaji akikosea kidogo mgonjwa huvuja mpaka akafia mezani. Kwa hiyo zamani aliyepatikana na uvimbe mkubwa wa saratani ya ini alirudishwa nyumbani akangoje siku yake. Miongoni mwa waliobadili jambo hilo ni marehemu Daktari Ton That Tung wa Vietnam.

Alizaliwa mwaka wa 1912 katika ukoo wa kifalme, akalelewa mjini Hue, kisha akasomea udaktari Hanoi wakati nchi yao ilipokuwa chini ya Wafaransa. Siku moja alikuta ini la maiti ambalo mifereji yake ya nyongo ilikuwa imejaa minyoo. Akaanza kulikwangua polepole, akiifuata mifereji hiyo na mishipa ya damu mpaka mwisho wake. Hakuishia hapo. Kufikia mwaka wa 1939 alikuwa amechunguza maini kama 200, akaona kuwa kila sehemu ya ini ina njia zake za damu. Basi sehemu moja yaweza kutolewa na nyingine zikabaki hai.

Mwaka huo yeye na Mfaransa Meyer-May walieleza jinsi walivyomtoa mgonjwa upande wa kushoto wa ini wenye saratani. Mgonjwa aliishi miezi sita. Njia hiyo haikupata wafuasi, kisha vita vikaingia. Tung alimfuata Ho Chi Minh msituni, akawa akitibu majeruhi hadi vita vya Dien Bien Phu mwaka wa 1954.

Amani iliporudi alisimamia hospitali kubwa ya Hanoi, na mwaka wa 1961 akalirudia ini. Alibana kwa muda mishipa inayoleta damu, akaiponda nyama laini ya ini kwa vidole. Mishipa, kwa kuwa ni migumu, ilibaki, naye akaifunga mmoja mmoja kabla ya kuikata. Mwaka wa 1963 jarida la Lancet la London lilichapisha njia hiyo, na mwaka wa 1977 Wafaransa wenyewe wakamtunukia nishani ya Lannelongue.

Si kila mgonjwa aliyefaa kupasuliwa. Ini likikatwa hukua tena, lakini sharti sehemu inayobaki iwe nzima. Lililokauka kwa maradhi ya miaka mingi halistahimili. Hadi leo madaktari hulipima jambo hilo kwanza.

Tung alifariki Mei 7, 1982, miaka 28 kamili baada ya ushindi wa Dien Bien Phu. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kutoka maiti wa Hanoi hadi njia yake ikubaliwe. Subira yavuta heri.