Benedicto Kiwanuka: Jaji aliyelizuia jeshi
Wengi ninaokutana nao kambini Nakivale walikimbia nchi ambako mwenye bunduki ndiye sheria. Kila nikirudi Mbarara namkumbuka Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962.

Serikali ya Obote ilimfunga 1969. Idi Amin akamtoa 1971, akamfanya Jaji Mkuu. Mwaka huohuo Amin alitoa amri ya kuwapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru aachiwe Mwingereza aliyeshikiliwa na jeshi kinyume cha sheria.

Septemba 17 wapinzani wa Amin kutoka Tanzania waliishambulia Mbarara, wakashindwa. Siku nne baadaye Kiwanuka alikamatwa mahakamani Kampala, asionekane tena.

Jeshi lililoruhusiwa kukamata raia halikumwacha hata jaji.