Florence Nightingale: Mwenye taa aliyeshika pia funguo za bohari

ULIMWENGU humkumbuka Florence Nightingale kwa taa aliyobeba usiku akiwazungukia majeruhi wa vita. Hata hivyo, kazi iliyomla saa nyingi katika hospitali ya kijeshi ya Scutari ilikuwa ya daftari, masanduku na funguo za bohari.

Nightingale alizaliwa Mei 12, 1820 mjini Florence, Italia, ambako wazazi wake, Waingereza matajiri, walikuwa wakitembea. Jina la mji huo ndilo alilopewa. Baba yake, William, alimfunza mwenyewe lugha na historia, naye binti akaondokea kuipenda mno hisabati.

Mnamo 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kuwa Mungu alikuwa amemwita amtumikie. Baadaye alipoeleza kwamba angependa kuwauguza wagonjwa, familia yake ilipinga vikali. Zama hizo uuguzi ulidharauliwa, ukahesabiwa kuwa kazi isiyomfaa binti wa watu wenye hadhi.

Ilimbidi asubiri miaka mingi. Mnamo 1851 alipata mafunzo ya miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, na miaka miwili baadaye akateuliwa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake katika barabara ya Harley, London.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba alikuwa na jicho la kipekee. Kabla ya hospitali hiyo kufunguliwa, alitaka maji moto yafikishwe kwa mabomba hadi kila ghorofa na kuwe na mtambo wa kuinua chakula kutoka jikoni. Aidha, alitaka kengele za wagonjwa zilie mlangoni mwa muuguzi na kuonyesha ni nani aliyeita.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Muuguzi anayepanda na kushuka ngazi kutwa akitafuta maji na sahani amegeuzwa kuwa miguu tu, na mgonjwa hubaki bila mtu wa kumtazama.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa 1854, Uingereza ilipokuwa ikipigana na Urusi katika Rasi ya Crimea. Ripoti za gazeti la The Times zilipofichua mateso ya majeruhi, Waziri Sidney Herbert alimwomba Nightingale aende Uturuki. Aliwasili Scutari, ng'ambo ya bahari kutoka Constantinople, Novemba 4, 1854 akiwa na wauguzi 38.

Walikuta hali ya kutisha. Askari walilala sakafuni katika korido ndefu, wengi wakiwa na nguo zilizoganda damu. Hapakuwa na mabeseni ya kutosha, wala taulo, sabuni au fagio. Kuhara na homa viliwaua wengi kuliko risasi.

La kushangaza ni kwamba bidhaa nyingi zilikuwa zimekwisha kutumwa kutoka Uingereza. Dawa zilirundikwa chini ya shehena ya silaha melini, zikapelekwa Balaclava na kurudishwa. Masanduku yaliyofika hayangefunguliwa hadi jopo la maafisa liketi na kuyakagua. Mashati 27,000 yalikaa majuma matatu yakisubiri idhini hiyo, huku wagonjwa wakitetemeka kwa baridi.

Kadhalika, ratili 20,000 za maji ya ndimu, ambayo ni kinga ya kiseyeye, zilifika Crimea Desemba 1854. Askari hawakuanza kugawiwa hadi Februari, kwa kuwa ndimu hazikuwa katika orodha ya posho yao ya kila siku.

Isitoshe, kanuni zilisema askari aje hospitalini na shati, kisu, uma na kijiko chake. Wengi walikuwa wameacha mizigo yao vitani. Mkuu wa ugavi hakuona kuwa ni wajibu wake kuwapa vingine.

Nightingale hakungoja kanuni zibadilike. Kwa fedha zilizochangwa kupitia The Times na nyingine za mfukoni mwake, alinunua bidhaa katika masoko ya Constantinople na kufungua bohari yake mwenyewe. Soksi, mashati, sahani, vijiko, meza na sabuni vilitoka humo.

Lakini bohari hiyo haikuwa shamba la bibi. Alitoa kitu pale tu daktari alipokiomba kwa maandishi, na kila kilichotoka kiliandikwa. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari, naye alijua kwamba kosa moja la hesabu lingewapa silaha maafisa waliomtaka aondoke.

Mapema mwaka wa 1855 alimwandikia Herbert akipendekeza mpango mpya. Alitaka kuwe na msimamizi wa chakula, mwingine wa vifaa na mavazi, na mwingine wa shughuli za kila siku. Kitanda kiwe na vifaa vyake kamili kabla mgonjwa hajalazwa, badala ya kuanza kuvisaka akiisha kufika.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudai kwamba bohari pekee ndiyo iliyowaokoa askari. Februari 1855, takriban wagonjwa 42 kati ya kila 100 walikuwa wakifariki, licha ya mashati na supu zake. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya usafi kuwasili mwezi Machi, ikazibua mitaro ya maji machafu na kuingiza hewa safi wodini. Kufikia Juni, waliofariki walikuwa kama wawili kati ya 100.

Aliporejea nyumbani mwaka wa 1856, Nightingale alizichambua takwimu hizo pamoja na mtaalamu William Farr, akaukubali ukweli huo mchungu. Tangu hapo alipigania usafi wa majengo kwa nguvu zile zile alizopigania bohari, ingawa maradhi yalimfunga kitandani kwa miaka mingi.

Katika kitabu chake kuhusu uuguzi kilichotoka mwaka wa 1859, alitenga sura nzima kueleza kuwa msimamizi hodari ni yule ambaye kazi yake hufanyika hata asipokuwapo. Katika kingine kuhusu hospitali, alitaka chumba cha muuguzi mkuu kiwe na dirisha la kutazama wodi, na chumba cha kuoshea vyombo, chenye maji moto na baridi, kiwe papo hapo.

Mwaka wa 1860 alianzisha shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London. Wahitimu wake walisambaa katika nchi nyingi wakipeleka taratibu hizo.

Mwaka wa 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Order of Merit. Alifariki Agosti 13, 1910 akiwa na umri wa miaka 90. Familia yake ilikataa azikwe Westminster Abbey. Akalazwa katika kijiji cha East Wellow.

Kila Mei 12, siku aliyozaliwa, wauguzi wa Kenya huungana na wenzao duniani kuadhimisha siku yao, na mara nyingi taa huwashwa. Usiku huo huo, mahali fulani, muuguzi huwa anatafuta glavu au shashi huku mgonjwa akivuja damu. Kwa mgonjwa huyo, kilichomo ndani ya kabati ambalo ufunguo wake hauonekani ni sawa na kisichokuwapo. Hilo Nightingale alilijua Scutari.