George Adamson: Aliwatunza Simba Ili Waondoke



Likizo iliyopita, tukiwa nyumbani Mwanakwerekwe, Unguja, watoto wa mtaani kwetu walimkuta komba aliyeumwa na mbwa karibu na soko. Jirani mmoja alitoa boksi, mwingine ndizi mbivu, na bibi mmoja akaleta kanga kuukuu ya kumfunika. Daktari wa mifugo alimsafisha jeraha bila kudai malipo. Baada ya siku kadhaa komba alianza kurukaruka, na hapo ndipo ubishi ulipozuka. Watoto walitaka abaki awe wao. Wazee walitaka arudi mitini. Sisi mafrateri tulipoulizwa, tulimkumbuka mtu aliyeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka 30: George Adamson, aliyejulikana Kenya kama Baba ya Simba.

Adamson alizaliwa tarehe 3 Februari 1906 huko Etawah, India, akafika Kenya mwaka 1924. Alijaribu kazi nyingi, zikiwemo kutafuta dhahabu, biashara ya mbuzi na uwindaji. Mwaka 1938 aliajiriwa na idara ya wanyamapori. Katika kazi hiyo alitakiwa pia kuua wanyama waliohatarisha watu na mifugo, naye aliwaua.

Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia. Baadaye akagundua kwamba yule mama alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Adamson aliwabeba watoto hao hadi nyumbani kwa mkewe, Joy. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, Elsa, alibaki.

Kumfuga Elsa lilikuwa jambo rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kumfundisha kuishi bila wao: awinde mwenyewe, akubaliwe na simba wengine, asiwategemee tena wanadamu kwa chakula. Elsa alifaulu. Alizaa watoto watatu porini, na kitabu cha Joy kilichotoka mwaka 1960 kikamfanya ajulikane duniani kote.

Lakini mwaka 1961 Elsa alikufa kwa ugonjwa wa kupe. Watoto wake, ambao hawakuwa bado wawindaji hodari, walianza kuvamia mbuzi wa wanakijiji. Mmoja wao, Jespah, alibaki na ncha ya mshale mwilini. Tusiharakishe kumlaumu aliyepiga mshale ule. Kwa mfugaji, mbuzi ni ada ya shule, ni dawa, ni chakula cha watoto. George na Joy walilazimika kuwakamata simba hao watatu na kuwahamishia Serengeti, Tanganyika. Simba walikuwa wamelelewa kwa upendo mwingi, ila gharama ya upendo huo ilimwangukia jirani ambaye hakuombwa ushauri.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja kwa simba aliyeitwa Boy. Alikuwa ameigiza katika filamu ya maisha ya Elsa, kisha akafundishwa kuishi porini. Alipovunjika mguu, madaktari wa mifugo walimfanyia upasuaji na kumwekea chuma, akauguzwa Naivasha kwa miezi mingi. Mwaka 1970 Adamson alihamia naye Kora, kando ya Mto Tana, akafungua Kampi ya Simba. Mwaka uliofuata Boy alimuua mfanyakazi wa kambi aliyeitwa Stanley. Adamson alimpiga risasi Boy kwa mkono wake mwenyewe, simba yule yule aliyemhangaikia mpaka akapona.

Hata hivyo aliendelea, na simba kadhaa waliopitia kambi ile wakaishi huru. Alisaidiwa na wapishi, madereva na wafuatilia nyayo Wakenya, watu tusiowasikia sana wakitajwa. Tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na umri wa miaka 83, alisikia milio ya risasi, akakimbilia kuwaokoa watu walioshambuliwa na majambazi karibu na kambi. Aliuawa pamoja na wafanyakazi wake wawili. Mtu aliyejulikana kwa kuwapenda simba alikufa akiwatetea wanadamu.

Katekisimu ya Kanisa inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu na tunapaswa kuwatendea wema, wala tusiwatese bila sababu. Inatufundisha pia kwamba tusiwape wanyama mapendo yanayomstahili mwanadamu peke yake. Maisha ya Adamson yanaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuyashika mafundisho hayo mawili kwa pamoja. Stanley na mwenye mbuzi wanatukumbusha kwamba kumponya mnyama wa porini ni kazi ya jamii nzima, kwa kuwa jamii nzima itaishi naye.

Kisiwani kwetu tunao mfano mzuri. Tangu mwaka 1993, watu wa Nungwi wanawatunza kasa katika bwawa la asili la Mnarani. Wavuvi hupeleka huko kasa walionasa nyavuni, kisha kasa hurudishwa baharini. Wageni hulipa kiingilio, na jamii hufaidika. Hapo mvuvi anashiriki kuanzia mwanzo.

Kuhusu yule komba, tulikaa na watoto na wazee tukazungumza mpaka tukaelewana. Jioni moja tulimpeleka kwenye miembe iliyo mbali na soko. Mtoto aliyemwokota ndiye aliyefungua boksi. Komba alipanda juu, tusimwone tena. Mtoto alilia, na bibi wa kanga akamshika mkono mpaka nyumbani.

Sisi tunaojiandaa kuwahudumia watu tulijifunza kitu jioni ile. Ni rahisi kumsaidia mtu kisha kumfanya awe wetu, atutegemee na kutusifu. Tujiulize, kila mmoja katika jumuiya yake: wale tunaowahudumia, tunawaandaa kusimama wenyewe, au tunawazoesha boksi?