Freddie Mercury na bahari saba za nchi isiyokuwepo

Ukimtaja Freddie Mercury, wengi watakwambia Bohemian Rhapsody. Haki yao, maana wimbo ule wa 1975 ulikaa wiki tisa juu kabisa ya chati ya Uingereza. Lakini mie ukiniuliza ninaoupenda, nitakwambia Seven Seas of Rhye, wa 1974. Haufiki hata dakika tatu. Nikitoka Muscat kurudi Qurayyat, huupiga kwenye gari mara mbili tatu na wala sichoki. Sababu yake iko katika maisha ya mwenyewe.

Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na jina alilopewa ni Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, watu wa dini ya Zoroaster. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Kiingereza. Alipofika miaka minane alipandishwa meli akapelekwa India, skuli ya bweni ya St Peter's kule Panchgani. Hebu fikiria, mtoto wa miaka minane, na mama yuko ng'ambo ya Bahari ya Hindi! Huko ndiko alikojifunza piano, ndiko alikoanza kuitwa Freddie, na ndiko alikopiga muziki na wenzake katika bendi ya skuli iliyoitwa The Hectics.

Akarudi Unguja 1963, kijana sasa. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Hapa wasomaji wengi wa Ghuba hawana haja ya kuelezwa zaidi. Wazee wetu nao waliondoka, kila mmoja kwa njia yake, na wengi wakaishia Oman, khasa baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango.

London, Freddie alisomea sanaa ya uchoraji chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Pesa hana, akawa anauza nguo soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970 yeye, Taylor na mpiga gitaa Brian May wakaanzisha bendi. Freddie ndiye aliyeipa jina la Queen, na mwenyewe akaliacha jina la Bulsara, akawa Mercury. Mwaka uliofuata akaingia John Deacon wa gitaa la besi.

Sasa tuje kwenye wimbo. Katika albamu yao ya kwanza, 1973, upo kipande kidogo tu mwishoni, muziki mtupu bila maneno. Mwaka uliofuata wakautoa mzima, ukafika namba 10 Uingereza, na huo ndio uliowatoa. Unaanza na piano inayokwenda mbio kama maji ya wadi siku ya mvua, kisha gitaa la May linaingia kwa kishindo. Freddie anaimba kama mtawala aliyeshuka kuwahukumu watu wake. Halafu mwisho kabisa, kundi la watu linaimba wimbo wa zamani wa Waingereza wa kusifu raha ya ufukweni. Kwa mtu wa Qurayyat, anayeamka na kuona mashua za wavuvi zimepandishwa mchangani, pale lazima ucheke.

Rhye yenyewe iko wapi? Haipo. Freddie alieleza kuwa ni nchi ya kubuni tu. Lakini hakuiacha. Baadaye mwaka huohuo wa 1974, katika wimbo mfupi uitwao Lily of the Valley, Rhye inatajwa tena, na mfalme wake anapelekewa habari kwamba kiti chake kimepotea. Freddie hakusema kuwa hiyo ni Unguja, na mie simsemei. Ila sikio la mtu aliyelelewa na hadithi za 1964 husikia lake. Sultan Jamshid bin Abdullah naye alipoteza kiti mwaka ule, akaishi Uingereza miaka mingi.

Yaliyofuata dunia inayajua. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanja wa Wembley, aliushika umati mzima mkononi kwa dakika kama 20. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na umri wake 45, siku moja tu baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Aliagwa kwa taratibu za dini ya wazazi wake. Unguja bado watu hawakubaliani juu yake: 2006 sherehe ya kumkumbuka ilifutwa baada ya kupingwa, na 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani.

Hadharani, habari za Unguja alizizungumza kwa nadra sana. Kwa hiyo ninapousikiliza wimbo huu huwafikiria watoto wetu wa hapa, wanaoijua Unguja kwa vipande vya maneno ya bibi. Wazee wakinyamaza, kitakachobaki ni Rhye: jina zuri, bahari saba, na hakuna anayejua njia. Basi Ijumaa hii, mkishamaliza kula, waulizeni: nyumba yetu ilikuwa Malindi, Vuga au Mkunazini? Jirani alikuwa nani? Yaandikeni majina hayo wangali wapo.