Erwin Blumenthal, Mjerumani aliyeonya mapema kuhusu madeni ya Zaire

Wazee wa Kadutu waliouza sokoni wakati wa Zaire wanakumbuka vizuri: kila mwaka noti ziliongezeka sufuri, na kila mwaka zilinunua chumvi kidogo, ndagala kidogo, mihogo kidogo. Wengi walidhani hakuna mkubwa aliyejua kwa hakika pesa ya nchi inapotelea wapi. Lakini mtu mmoja alijua. Aliketi ndani ya Benki ya Zaire mjini Kinshasa, akafungua vitabu vya hesabu, kisha akaandika alichokiona. Jina lake ni Erwin Blumenthal.

Blumenthal alikuwa Mjerumani na mchumi wa benki. Kwa muda mrefu alitumika katika Bundesbank, Benki Kuu ya Ujerumani Magharibi, ambako aliongoza idara ya mambo ya nje.

Kazi ya kwanza Afrika Mashariki

Kabla ya Zaire, Blumenthal alikuwa amekwisha kuijua Afrika. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, bado ilitumia shilingi moja pamoja na Kenya na Uganda. Shilingi hiyo ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo Waingereza waliianzisha mwaka 1919. Serikali ya Tanganyika ilimwomba Blumenthal achunguze mpango huo na njia ya kufikia benki kuu. Ripoti yake ilitoka mwaka 1963. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, nchi hizo tatu zilianza kila moja kuwa na benki kuu na pesa yake.

Huko Blumenthal alikuwa mshauri wa nchi changa iliyotaka kujipanga. Zaire ilikuwa habari nyingine kabisa.

Nchi iliyolemewa

Pesa ya zaire ilizaliwa mwaka 1967. Wakati huo zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Shaba ya Katanga iliuzwa vizuri, na mabenki ya Ulaya na Marekani yalikopesha bila kuuliza mengi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Katika Kivu na kwingineko, nyingi ziliangukia mikononi mwa watu wenye vyeo, na nyingi zilikufa. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Madeni yakabaki.

Vita mbili za Shaba, ya 1977 na ya 1978, zilizidisha matatizo. Baada ya mapigano ya Kolwezi, wakopeshaji walikutana Brussels mwezi Juni 1978. Hawakutaka kumwacha Mobutu, rafiki yao katika ushindani na Warusi. Lakini walitaka watu wao wakae ndani ya ofisi za pesa. Shirika la Fedha la Kimataifa, FMI, likamtafuta Blumenthal, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Mwezi Agosti 1978 alifika Kinshasa, akapewa cheo cha mkurugenzi ndani ya Benki ya Zaire na kazi ya kulinda fedha za kigeni.

Mwaka mmoja ndani ya benki

Blumenthal hakukawia. Mwezi Novemba 1978 benki ilifungia mikopo na fedha za kigeni makampuni na wafanyabiashara wapatao 50 waliouza mali nje bila kurudisha dola nchini. Kati yao alikuwamo Litho Moboti, mjomba wa Rais na mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi. Hakuna mtu aliyewahi kuwagusa hivyo.

Majibu yalikuja haraka. Wakubwa walipita milango mingine kupata dola walizonyimwa. Wanajeshi wenye bunduki walifika kwake kudai fedha za kigeni. Inasimuliwa kwamba alilala na bunduki karibu naye, na kwamba alikuwa na redio ya kuita ubalozi wa Ujerumani na wa Marekani kama angevamiwa usiku.

Kilichomshinda si vitisho tu. Aligundua kwamba pesa ya benki na pesa ya ofisi ya Rais hazikuwa na mpaka. Malipo yalitolewa kwa amri kutoka juu, na kulikuwa na akaunti za nje ambazo hakuna mtumishi wa benki aliyeweza kuzizuia. Mwaka 1979, baada ya karibu mwaka mmoja, Blumenthal aliondoka.

Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kiasi kiliwekewa kikomo. Watu wa masoko kama la Kadutu hawakuweka pesa benki. Waliziweka nyumbani, zimefungwa ndani ya kitenge. Katika nchi nzima, wengi walibaki na karatasi tupu, hasa wa vijijini waliokaa mbali na benki. Ndipo raia walizidi kutegemea kile kifungu cha 15: kila mtu ajitafutie.

Ripoti iliyosomwa na kuwekwa kando

Mwezi Aprili 1982 Blumenthal aliandika ripoti ya siri. Alieleza wizi wa wakubwa, akataja akaunti za nje, akakata neno kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa pesa zao. Mwaka huohuo ripoti ilitoka nje, na Nguza Karl-i-Bond, aliyekuwa waziri mkuu kabla ya kukimbilia Ulaya, alisaidia kuitangaza.

Mikopo haikukoma. FMI ilikuwa imeiahidi Zaire mkopo mkubwa sana mwaka 1981, ukavunjwa mwaka 1982 kwa sababu masharti hayakufuatwa. Mwaka 1983, wakati kila mkopeshaji aliweza kusoma ripoti ya Blumenthal, mkopo mwingine ukatolewa. Zaire ilikuwa bado rafiki wa Magharibi, jirani ya Angola iliyosaidiwa na Warusi na Wakuba. Kwa wakubwa wa dunia, hilo lilizidi hesabu za mchumi mmoja.

Raia walilipa kwa njia yao. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo.

Blumenthal alikufa zamani, na hakuna aliyeshitakiwa kwa sababu ya ripoti yake. Katikati ya mwaka 2010, Benki ya Dunia na FMI zilitangaza kwamba Kongo itasamehewa madeni ya dola bilioni 12.3. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya zamani ya Mobutu pamoja na riba yake. Mtoto aliyezaliwa Kadutu mwaka ripoti ilipoandikwa alikuwa na miaka 28 siku hiyo. Deni hilo lilikuwa limehesabiwa juu ya kichwa chake maisha yake yote, ingawa wenye kukopesha walionywa kabla hajajua kutembea.